Mgonjwa wa mapafu apimwe akitembea, si akiwa ameketi tu

Umewahi kumwona mtu mzima akisimama katikati ya ngazi kana kwamba amesahau kitu alichokuwa akikiendea? Ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mdomo u wazi, mabega yanapanda na kushuka. Ukimsalimia anakuitikia kwa kichwa. Ukimuuliza iwapo ni mgonjwa, anakujibu kwamba ni uzee tu, au ni baridi ya asubuhi. Kisha anapanda vidato vitano vingine na kusimama tena.

Katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, jambo hili si geni. Kuanzia Pipeline na Tassia hadi Umoja, Kayole, Dandora na Huruma, maelfu ya watu huishi katika nyumba za ghorofa nne, tano, hata saba, zisizokuwa na lifti. Maji yakikatika, dumu la lita 20 hupandishwa kwa mkono. Ukitaka kuvuka barabara ya Outering, sharti upande daraja la wapitao kwa miguu. Kwa mwenye mapafu mazima, hiyo ni adha ya kawaida. Kwa yule ambaye mapafu yake yameharibika, kila ghorofa ni mlima.

Juma hili ningependa tuzungumze kuhusu kipimo kimoja rahisi ambacho wengi wa wagonjwa hawa hawajawahi kukisikia, sembuse kufanyiwa. Hakihitaji sindano wala picha ya kifua. Kinahitaji ushoroba ulionyooka, saa, kiti, kidude cha kupimia oksijeni kidoleni, na mhudumu anayejua anachokifanya. Mgonjwa hutakiwa kutembea kwa dakika 6. Basi.

Hata hivyo, usikidharau. Kipimo hicho chaweza kusaidia kuamua iwapo baba au mama yako anahitaji oksijeni nyumbani, anahitaji kiasi gani, au haihitaji kabisa na pesa za familia zingefaa kutumiwa kwa jambo jingine.

Aliyeketi na anayetembea

Hebu tuchukue mfano. Tuseme ni baba wa miaka 55, fundi wa kuchomea vyuma. Miaka sita iliyopita alitibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa, akaambiwa amepona. Tangu hapo pumzi yake imekuwa ikipungua pole pole. Anaamua kwenda kliniki. Anangoja foleni kwa saa mbili akiwa ameketi kwenye benchi. Anapoingia ndani anabanwa kidole kwa kile kidude, nambari inatokea: 94.

"Mzee, oksijeni yako iko sawa," anaambiwa.

Jioni mkewe anamuuliza, "Baba watoto, daktari amesemaje?"

"Amesema niko sawa."

"Mbona basi hata dumu la maji huwezi kulifikisha ghorofa ya kwanza?"

Mzee hana jibu. Baada ya miezi michache, majirani wameanza kunong'ona. Huyu anasema ni uvivu, yule anasema ni pombe, na wa tatu anadai kuna mkono wa mtu.

Katika kisa kama hiki hakuna aliyesema uongo. Mhudumu alisoma nambari ya kweli, na mke ameona jambo la kweli. Tofauti ni kwamba mmoja alimpima mtu aliyeketi, na mwingine anaishi na mtu anayetembea.

Kwa nini hali hizo mbili zitofautiane? Ifikirie damu kama msururu wa matatu zinazopakia abiria stejini. Steji ni mapafu, abiria ni oksijeni. Ile nambari ya kidoleni hueleza ni viti vingapi kati ya kila 100 vimepata abiria. Mtu akiwa ameketi, matatu hazina haraka. Hata kama mlango ni mbovu, abiria wataingia mmoja mmoja hadi viti vikaribie kujaa. Lakini akianza kutembea kwa kasi, mwili huitisha oksijeni mara tatu au nne ya ile iliyohitajika alipokuwa ametulia. Matatu sasa zinapita mbio. Damu iliyokuwa ikikaa katika mishipa midogo ya mapafu kwa takriban robo tatu ya sekunde, hupita kwa muda mfupi zaidi, na kazi ikiwa nzito sana muda huo hufika robo sekunde tu. Kwa mapafu mazima, robo sekunde inatosha. Kwa mapafu yenye makovu, matatu huondoka zikiwa na viti vitupu.

Fauka ya hayo, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina fungu lile lile la oksijeni, yaani asilimia 21, lakini ni nyepesi. Kila pumzi ya mkazi wa Kayole huleta oksijeni kidogo kuliko pumzi ya mkazi wa Mombasa. Mwenye afya hatambui. Mgonjwa wa mapafu ana akiba ndogo, na sehemu ya akiba hiyo huliwa na mwinuko hata kabla hajainuka kitini.

Makovu

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii yafaa kubandikwa katika kila kliniki ya kifua. Dawa za kifua kikuu, ambazo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, huua viini, lakini hazirudishi sehemu ya pafu iliyokwisha kuliwa. Mtu huyu akikohoa na kutweta, kila mmoja hufikiri ugonjwa umerudi. Ni kweli kwamba unaweza kurudi, na ndiyo sababu makohozi sharti yapimwe. Lakini ikiwa viini havionekani, huenda shida ni kovu lenyewe, na kovu halitibiwi kwa kurudia dawa zile zile kila mwaka.

Kifua kikuu si chanzo pekee. Kuna sigara. Kuna pumu iliyoachwa bila matibabu kwa miaka. Kuna moshi wa makaa, kuni na stovu ya mafuta taa, ambao akina mama huuvuta katika chumba kile kile wanachopikia na kulalia watoto. Kuna vumbi na moshi wa kazini kwa mafundi wa jua kali. Kuna jaa la taka la Dandora, lililofunguliwa katika miaka ya 1970, ambako moshi haukomi. Mnamo 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu jaa hilo, na watoto wengi waliochunguzwa walipatikana na matatizo ya kupumua.

Juzi juzi, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) walifanya uchunguzi uliopewa jina zuri la Kiswahili: Tupumue. Waliwachunguza zaidi ya wanafunzi 2,300 wa mtaa wa mabanda wa Mukuru na wa Buruburu, mitaa iliyopakana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Watoto wa Mukuru walikuwa na dalili zaidi za kukoroma kifuani na kupumua kwa shida, lakini waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wachache kuliko wenzao wa Buruburu. Kwa maneno mengine, penye ugonjwa zaidi ndipo penye majibu machache. Ikiwa hali ni hiyo kwa watoto, yamkini mzee anayetweta kwenye ngazi naye hajawahi kupewa jina la ugonjwa wake.

Dakika sita

Kipimo cha kutembea kina historia ya kupendeza. Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Kenneth Cooper, alieleza jinsi ya kupima nguvu za wanajeshi wa anga kwa kuangalia umbali wanaoweza kukimbia kwa dakika 12. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza walikichukua kipimo hicho, wakaondoa mbio na kuwaambia wagonjwa wa mkamba sugu watembee tu. Ikaonekana dakika 12 ni mateso kwa mgonjwa. Mwaka 1982 wenzao wakaonyesha kwamba dakika 6 zinatosha. Tangu hapo dakika 6 zimekuwa kipimo kinachojulikana kote duniani, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2014.

Hivi ndivyo kinavyofanywa. Ushoroba uwe tambarare, na urefu wake uwe mita 30, huku alama zikiwekwa kila mwisho. Mgonjwa huvaa viatu na nguo za kawaida zisizombana. Kama hutumia mkongojo, aje nao. Dawa zake za kila siku, pamoja na ile ya kuvuta, azitumie kama kawaida. Kwanza hupumzika kitini kwa dakika 10 au zaidi karibu na mahali pa kuanzia. Hupimwa presha, mpigo wa moyo na oksijeni, kisha huulizwa: kutoka 0 hadi 10, unatweta kiasi gani? Miguu imechoka kiasi gani?

Huambiwa atembee kadiri awezavyo, aende na kurudi bila kukimbia. Anaruhusiwa kupunguza mwendo, kusimama na hata kuegemea ukuta, ila saa haisimami. Mhudumu hatembei mbele yake wala ubavuni pake, kwani atamfanya afuate mwendo usio wake. Kila baada ya dakika moja humwambia maneno machache yaliyopangwa, mathalani, "Unaendelea vyema, mama. Zimebaki dakika tano." Hapigi vigelegele wala hamhimizi kama farasi wa mashindano, kwa sababu shangwe hurefusha umbali na kuharibu kipimo.

Wakati huo wote kidude kimebana kidole na mhudumu anaandika nambari. Linalotakiwa si nambari ya mwisho pekee, bali ile ya chini kabisa iliyofikiwa. Kuna wagonjwa ambao oksijeni yao hushuka katika dakika ya tatu na kupanda tena mara tu wanaposimama. Ukimpima akiwa amekwisha kuketi, utakuta kila kitu kimerudi mahali pake.

Kipimo husimamishwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, akipepesuka, akitoka jasho la ghafla, au pumzi ikimshinda kabisa. Wataalamu wengi pia husimamisha oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80. Aliyepatwa na shambulio la moyo katika mwezi uliopita hafai kufanyiwa. Ndiyo sababu nasihi: usimfanyie mzee wako jaribio hili kwenye varanda ya ploti ukitumia saa ya simu. Kifanyiwe penye wahudumu na oksijeni karibu.

Aidha, inafaa kifanywe mara mbili, kwa mapumziko ya nusu saa au zaidi kati yake. Mara ya pili watu wengi hutembea mbali kidogo kwa kuwa wamezoea. Kipimo cha baadaye nacho kifanyike katika ushoroba wa urefu ule ule, maana ushoroba mfupi una kona nyingi na kona hula muda. Tofauti ya takriban mita 30 kati ya kipimo cha leo na cha mwakani ndiyo inayohesabiwa kuwa badiliko la kweli.

Nambari zinasema nini

Matokeo yanaweza kuangukia mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la mtu ambaye hutweta sana lakini oksijeni yake haishuki. Huyu si mwongo. Kutweta na kupungukiwa na oksijeni ni mambo mawili tofauti. Huenda ana pumu, upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo, au misuli imelegea kwa kukaa bure muda mrefu. Kumpa huyu mtungi wa oksijeni ni kumfunika mtu blanketi ilhali tatizo lake ni njaa.

Fungu la pili ni la yule ambaye akiketi yuko sawa, lakini akitembea hushuka hadi asilimia 88 au chini yake. Huyu ndiye fundi wetu wa vyuma. Hapa kazi haijaisha. Baada ya kupumzika, hutembezwa tena akiwa amevalishwa oksijeni, na kiasi kinaongezwa kidogo kidogo hadi nambari ikae karibu na 90. Kisha hulinganishwa: je, ametembea mbali zaidi? Ametweta kidogo? Kama ndiyo, oksijeni ya kutembea nayo yaweza kumfaa. Kama hakuna tofauti yoyote, daktari mwaminifu atamwambia hivyo.

Fungu la tatu ni la yule ambaye nambari yake ni asilimia 88 au chini hata akiwa ametulia kitini. Huyu huhitaji pia kupimwa damu ya ateri ili kuthibitisha. Kwake oksijeni si starehe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 ulihusu wagonjwa wa mkamba sugu waliokuwa na oksijeni ya chini sana. Kati ya 42 waliopewa oksijeni kwa angalau saa 15 kwa siku, 19 walifariki katika miaka mitano. Kati ya 45 ambao hawakupewa, 30 walifariki. Kwa mtu wa fungu hili, mashine ni uhai.

Lakini tusikimbilie kudhani kwamba lililomwokoa wa fungu la tatu litamwokoa kila mtu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusu wagonjwa 738 wa ugonjwa sugu wa njia za hewa, ule unaoitwa COPD. Hawa oksijeni yao ilikuwa imepungua kiasi tu, ama wakiwa wameketi au wakitembea. Waliopewa oksijeni ya muda mrefu hawakuishi zaidi ya wenzao, wala hawakukaa muda mrefu zaidi kabla ya kulazwa hospitalini. Wenye makovu ya mapafu au walioshuka sana hawawezi kupimwa kwa ratili hiyo moja kwa moja, na ndiyo maana kila mgonjwa sharti apimwe yeye mwenyewe.

Kidole nacho hudanganya

Tangu janga la Covid-19 mwaka 2020, vidude vya kupimia oksijeni vimejaa katika maduka ya dawa. Ni vizuri kuwa nacho, lakini kijue. Rangi ya kucha na hina nyeusi zinaweza kukipotosha, kwa hivyo dada aliyejipamba kwa harusi ya Eastleigh atafute kidole kisichopakwa. Vidole vyenye baridi au vinavyotetemeka pia huleta nambari za ovyo. Subiri nambari itulie kabla ya kuiamini.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi, vidude hivi vilikosa kutambua upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kidude huonyesha mambo ni mema ilhali sivyo. Basi mtu mweusi anayesomeka 90 huku midomo imebadilika rangi na hawezi kumaliza sentensi, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya nambari peke yake.

Kabla ya kununua mashine

Nimeona familia zikiitisha mchango, chama kikivunjwa kabla ya wakati, na hata shamba la mashambani likitajwa, ili mashine ya oksijeni inunuliwe haraka. Upendo huo ni wa kusifiwa. Lakini haraka haraka haina baraka. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, fanya hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya stima. Mashine ya kutengeneza oksijeni huvuta hewa ya chumbani na kuondoa naitrojeni. Ile ya kawaida ya nyumbani hula takriban wati 350. Ukiiwasha kwa saa 15 kila siku, itakula zaidi ya yuniti 5 kwa siku, yaani karibu yuniti 157 kwa mwezi. Angalia unanunua tokeni za kiasi gani sasa, kisha uongeze hizo. Stima ikipotea, mashine hunyamaza, hivyo utahitaji mtungi wa akiba. Mtungi nao una mwisho: wenye lita 1,360, ukitumiwa kwa lita 2 kila dakika, utaisha kabla ya saa 12.

Hesabu ya pili ni ya moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto mdogo kuwa mkubwa kwa kufumba na kufumbua. Wataalamu husema mwenye kutumia oksijeni akae angalau mita 3 mbali na moto wowote. Sasa pima chumba chako. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ndicho makao ya familia nyingi Eastlands, kina upana wa mita 3 tu kutoka ukuta hadi ukuta. Jiko la makaa, stovu, mshumaa na sigara haviwezi kuwa humo pamoja na oksijeni. Ni lazima kujua mapema chakula kitapikiwa wapi. Hata mafuta ya mgando hayafai kupakwa puani.

Tena, oksijeni ni dawa yenye kipimo chake. Kwa baadhi ya wagonjwa wa COPD, kuizidisha huwafanya walimbikize hewa chafu mwilini, wakasinzia na hata kupoteza fahamu. Usiongeze kwa kuwa "mzee ameonekana hoi". Kiasi kilichopatikana katika kipimo ndicho kiasi chake hadi daktari abadilishe.

Miguu kama dawa

Kipimo cha kutembea kina faida moja zaidi ambayo wengi hawaitarajii: humwonyesha mgonjwa kwamba bado anaweza. Anayetweta huacha kutembea. Akiacha, misuli hulegea. Misuli ikilegea, hutweta kwa kazi ndogo zaidi. Mwisho hukaa kitini mchana kutwa, na familia hudhani ni ugonjwa umezidi.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia ya kulivunja duara hilo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wagonjwa 34 waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu walianzishiwa mazoezi yaliyosimamiwa, mara mbili kwa juma kwa majuma 6. Waliomaliza walikuwa 29. Walipimwa kwa aina nyingine ya kipimo cha kutembea, kile cha kwenda na kurudi baina ya alama mbili kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, umbali wa wastani ulipanda kutoka mita 299 hadi 377. Hicho ni kikundi kidogo, lakini mita 78 kwa mtu aliyekuwa hafiki choo cha ploti si haba. Zoezi la namna hiyo huanza kwa kupimwa, ili ijulikane mgonjwa atembee kwa kasi gani na kama atahitaji oksijeni akiwa mazoezini.

Mwulize daktari

Basi ufanyeje? Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze kwa hesabu badala ya kusema "kifua kinanisumbua". Sema: "Husimama mara mbili kabla ya kufika ghorofa ya pili." Au: "Siwezi kwenda sambamba na wa rika langu kwenye barabara tambarare." Au: "Nikitembea mita 100 hivi, sharti nipumzike." Daktari huyaelewa maneno hayo mara moja, maana ndiyo anayoyatumia kupanga viwango vya maradhi. Omba makohozi na kifua vichunguzwe. Ikilazimu, omba barua ya kupelekwa hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Ukifika huko, uliza bila haya: "Daktari, oksijeni yangu imepimwa nikiwa nimeketi. Je, naweza kupimwa nikitembea?" Kama hakuna ushoroba wa kutosha, uliza kuhusu kipimo cha kuketi na kuinuka kitini kwa dakika moja, ambacho huhitaji kiti na nafasi ndogo tu. Kama umeambiwa ununue mashine, uliza imeamuliwa kwa kipimo gani, ya lita ngapi kwa dakika, kwa saa ngapi kwa siku, na utapimwa tena lini. Kuuliza si ujinga, na si utovu wa heshima.

Nanyi mlio nyumbani, msimwite mtu mvivu kwa sababu amepumzika kwenye ngazi. Hesabuni mara anazosimama. Ziandikeni kwenye daftari ya mtoto, na siku ya kliniki mmoja wenu amsindikize akiwa na daftari hiyo mkononi. Hayo ndiyo mambo ambayo benchi la kungojea haliwezi kumwonyesha daktari.